Mpira hauishiwi nguvu

Mama mmoja wa Morogoro ananiuliza: "Mwanangu wa darasa la sita ameandika kuwa 'nguvu ni kusukuma au kuvuta kitu'. Mwalimu amemkata alama na kuandika 'kani' kwa wino mwekundu. Kamusi ya hapa nyumbani inasema kani ni nguvu. Nani mkweli?"

Wote, mama. Kani ni neno la zamani. Wazee wakisema fulani ana kani walimaanisha mkaidi, na kufanya jambo kwa kani ni kulifanya kwa nguvu. Kamusi yako haijakosea. Ila wanasayansi walipohitaji neno la kusukuma na kuvuta, kitu kinachopimwa kwa nyutoni, walilichukua hili, nadhani kwa sababu halikuwa na shughuli nyingi. Nguvu lilikuwa limeshalemewa: nguvu za mwili, nguvu ya hoja, nguvu za giza, na zile nguvu ambazo watu huzifuata kwenye supu ya pweza jioni. Sijaona muuza pweza anayepima bakuli kwa nyutoni.

Hayo yametosha. Sasa nizungumze na watangazaji wa mpira.

Juzi niko kwa kinyozi, redio imefunguliwa. Shuti limepigwa kutoka mbali, kipa kalala upande usio wake, mpira unaviringika kuelekea goli tupu, unapungua, unasimama. Mtangazaji akalia: "Mpira umeishiwa nguvu!" Nusura niruke na kitambaa shingoni.

Kuishiwa ni kuwa nacho kikaisha. Mtu huishiwa hela, taa huishiwa mafuta. Je, mpira ulibeba nini kutoka mguuni mwa mchezaji? Kani ya teke ilikuwapo kwa ule muda mfupi ambao buti liligusa mpira, ikaishia hapo hapo. Mpira haukuondoka nayo kama abiria na kifurushi. Ulipokuwa chini ukiviringika, waliousimamisha ni nyasi kwa msuguano wao, na hewa kidogo. Piga teke lile lile kwenye sakafu ya vigae uone utakavyofika mbali zaidi, na mguu ni ule ule! Mwanasayansi Isaac Newton, yule aliyeipa nyutoni jina lake, aliliandika hili mwaka 1687: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea kwa kasi ile ile na kwa mstari ulionyooka mpaka kani nyingine ikiingilie. Chombo cha anga za juu cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na hadi leo kinakata takriban kilomita 17 kila sekunde bila injini yoyote kukisukuma. Hakijaishiwa kitu, kwa kuwa huko hakuna nyasi.

Mtaniambia ni maneno ya uwanjani tu, mzee tulia. Ningetulia, lakini mtoto anayesikia hivyo kila Jumamosi ndiye anayeulizwa Jumatatu ni kani zipi zinazoukabili mpira ukiwa angani, naye anajibu "nguvu ya mchezaji". Mchezaji yuko chini, ameshika kiuno! Zilizopo ni mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa. Kosa hilo hakulitoa kwa mwalimu.

Mtangazaji aseme mpira umefifia, umefia njiani, nyasi zimeukaba. Akitaka kabisa kuishiwa, basi aseme umeishiwa nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, nami nitanyamaza, maana nishati mpira ulikuwa nayo kweli, ikapotelea kwenye nyasi kama joto.

Kwa hiyo mama, darasani mwanao aandike kani. Nyumbani akisema "vuta kwa nguvu", mwache. Mwalimu naye angempa japo nusu alama, kwani maana aliipata.

Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho, upande mmoja wa kichwa ukiwa bado. Kisha akaniambia niwe na subira, mashine imeishiwa chaji. Hilo la chaji nitalijibu siku nyingine.