Mafuta Hubaki Mwambani: Niliyojifunza kwa Chupa, Mchanga na Mrenda

Kwenye usaili mmoja, katika ofisi fulani pale Upper Hill, Nairobi, niliulizwa ningefanya nini ili mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yatoke kwa wingi. Nikajibu mbio kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha: mvuke, hewa ya kaboni, polima, sabuni. Mama aliyeongoza usaili alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akauliza maswali mawili tu. "Huko chini yana joto kiasi gani?" Nikameza mate. "Na hiyo hewa ya kaboni, ukiwa Turkana, utaitoa wapi?"

Kazi sikupata. Nilinuna wiki nzima, maana shahada ya uhandisi wa petroli ninayo na alama hazikuwa mbaya. Leo nakuandikia wewe unayemaliza chuo na kungoja Lokichar ianze, usije ukaaibika kwa maswali yaleyale.

Kwanza ondoa kichwani picha ya ziwa la mafuta chini ya ardhi. Mafuta yamo ndani ya vitundu vya mwamba, vidogo kuliko unavyodhani, kama maji yaliyojificha kwenye mchanga wa lori ulionyeshewa. Ukichimba kisima, shinikizo la huko chini huyasukuma yenyewe kwa muda, halafu hupungua. Nguvu hiyo ya asili mara nyingi hutoa chini ya asilimia 20 ya mafuta yaliyomo. Ukiongeza maji ya kusukuma, unaweza kufika theluthi moja hivi, au zaidi kidogo mwamba ukiwa mzuri. Yaliyobaki yananasa humo humo. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba kuna mapipa mamilioni kadhaa, uliza: ni yaliyomo mwambani au ni yatakayotoka? Ni hesabu mbili tofauti kabisa.

Hayo yote niliyajua kwa kusoma. Niliyaelewa jikoni kwa mama, Umoja, ghorofa ya tatu.

Nilichukua chupa ya maji ya lita tano, ile inayopitisha mwanga, nikakata shingo. Nikatoboa tundu karibu na kitako, nikachomeka mpira mwembamba na kuuziba kwa nta ya mshumaa. Nikatandika kitambaa, nikajaza mchanga niliookota penye ujenzi jirani, nikaulowesha, kisha nikaumiminia mafuta ya kupikia polepole mpaka yakazama. Mwisho nikapandisha ndoo ya maji juu ya kabati na kuunganisha ule mpira, ili maji yaingie kutoka chini na kuyainua mafuta. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwaga maji kutoka juu. Yalipita katikati na kutokea upande wa pili, mafuta yamekaa palepale yakinitazama.

"We! Unapika mchanga?" mama akauliza mlangoni. "Na ni maji ya mgao hayo?"

Yalikuwa ya mgao. Nikaomba radhi, nikaendelea.

Mafuta yalianza kuelea juu, safi, ya dhahabu. Nikafurahi. Baada ya dakika chache yakatoka yamechanganyika na maji, halafu maji matupu. Nilikuwa nimetia rangi ya chakula kwenye ndoo, kwa hiyo niliona ubavuni mwa chupa kilichotokea: maji mekundu yalijipenyeza kama vidole, yakajichimbia njia moja, kisha yote yakafuata njia hiyo. Pembeni mchanga ulibaki umelowa mafuta. Maji ni mepesi kutiririka kuliko mafuta, kwa hiyo huyapita badala ya kuyasukuma. Hilo tu ndilo tatizo ambalo polima, kemikali yenye kuvutika kama ute, inatibu: inayapa maji mnato ili yatembee yameshikana mstari.

Polima sikuwa nayo. Nikashuka kwa mama mboga, nikanunua mrenda na kipande cha magadi. Nikauchemsha ukavutika vizuri, nikamimina ule ute ndooni ukiwa bado na majani. Kila kitu kikasimama. Majani yalikuwa yameziba kitambaa, tone halipiti. Siku iliyofuata nikachuja mara tatu kwa leso, na ndipo nikaona mafuta ya pembeni yakianza kusogea. Kwenye visima vya kweli ni hivyo hivyo. Polima isiyochujwa vizuri huziba mwamba mlangoni kabisa mwa kisima, na umeharibu kisima kwa pesa yako mwenyewe. China, pale Daqing, wametumia polima kwa upana tangu miaka ya 1990, na kazi ya kuchanganya na kuchuja ni kiwanda kizima.

Kuhusu magadi, nilicheka peke yangu. Magadi yetu ya Kajiado yana kaboneti ya sodiamu, na kemikali hiyo hiyo ndiyo huchanganywa na polima na sabuni katika mojawapo ya njia za kukamua mafuta ya mwisho. Mafuta yakiwa na asidi ya kutosha, magadi huyageuza kidogo kuwa sabuni humo humo mwambani. Sabuni hulegeza matone yaliyonasa vitunduni, yale ambayo hata ukisukuma vipi hayatoki. Ila usikimbilie. Udongo wa mfinyanzi ndani ya mwamba hunyonya sabuni, na kila pipa la kemikali lina bei. Mimi nilitumia sabuni ya vyombo, nikapata povu zaidi ya mafuta.

Sasa rudi kwenye yale maswali mawili. Mvuke umefanya maajabu Kern River, California, tangu miaka ya 1960, kwa sababu mafuta ya huko ni mazito na hayako mbali chini. Ukiupeleka mvuke kina kirefu, joto linaishia njiani. Mafuta ya Lokichar si mazito hivyo. Ni mepesi, ila yamejaa nta: chini kwenye joto yanatiririka, juu yakipoa yanaganda kama mafuta ya mgando kwenye kopo. Ndiyo maana yale yaliyopelekwa Mombasa kwa malori kabla ya kusafirishwa ng'ambo mwaka 2019 yalihitaji matangi ya kuhifadhi joto. Sasa wazia unasukuma maji baridi ndani ya mwamba wa namna hiyo. Ukiupoza karibu na kisima, nta inaweza kuganda humo na kuziba. Yule mama wa usaili hakuwa akinitega. Joto ndilo swali la kwanza.

Hewa ya kaboni nayo, inayosukumwa mwambani ili kulegeza mafuta, inafanya kazi Texas tangu 1972, lakini wana mabomba ya kuileta. Sisi hatuna. Usitaje njia ambayo malighafi yake huwezi kuionyesha kwenye ramani.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kuyajua maji kabla ya yote. Norwe walianza kusukuma maji ya bahari kwa kiwango kikubwa kwenye uwanja wao wa mafuta wa Ekofisk mwaka 1987. Uwanja ambao mwanzoni ulitarajiwa kutoa asilimia 17 hivi ya mafuta yake, sasa unatarajiwa kupita nusu. Maji kwa sehemu kubwa, na subira. Lokichar mpango umekuwa kuyatoa bwawa la Turkwel, na hapo ndipo mhandisi anapaswa kujua zaidi ya shinikizo. Mchungaji wa Turkana aliyepoteza mbuzi kwa ukame atakuuliza kwa nini maji yanaenda mwambani badala ya birikani, na atakuwa na haki ya kujibiwa vizuri. Pia pima chumvi za maji hayo kabla hayajakutana na maji ya mwamba, maana mengine yakikutana hutengeneza magamba magumu yanayoziba mabomba.

Ukitaka kulifanya jaribio hili nyumbani, usirudie kosa langu la mwisho. Nilijaribu pia kwa mafuta ya mgando yaliyoyeyushwa, kisha nikamwaga masalio kwenye sinki. Asubuhi sinki ilikuwa imejaa, na ya jirani wa chini pia. Fundi alikuja, akafungua bomba, akachomoa mche mweupe mrefu kama mshumaa. Akanitazama. "Hii ungemwagia tu maji moto jana," akasema, "leo ni mia nane."