Bati moja, familia tano

SWALI: Shikamoo mzee. Nina nyumba Tandale, karibu na Mto Ng'ombe. Ni ya vyumba sita, korido katikati, choo uani. Viwili nakaa na wanangu, vinne nimepangisha. Juzi walikuja vijana wakarusha droni, wakasema picha zitaingia kwenye akili mnemba, ichore mtaa mzima na kupendekeza barabara zipite wapi. Mwenyekiti ametuonyesha mchoro wa awali: nyumba yangu na ya jirani zimekuwa jengo moja, na kichochoro tunachopitishia jeneza hakipo kabisa. Je, mashine hii ndiyo itakayoamua tubomolewe?
Mama mwenye nyumba, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mashine haina mamlaka ya kumbomolea mtu. Mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenu, na mchoro hauwi mpango mpaka watu wenye majina na vyeo wautie sahihi. Ukiambiwa "kompyuta imesema", uliza ni afisa gani aliyekubali.

Akili mnemba hufundishwa kwa picha nyingi ambazo watu wamekwisha kuzichora kingo za mapaa, kisha hutafuta yenyewe yanayofanana nayo. Kwa kasi, sisi wapimaji hatuiwezi. Mwaka 2021 Google walitoa ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika yaliyotambuliwa hivyo kwenye picha za satelaiti, kila moja na alama ya kuonyesha mashine ina uhakika kiasi gani. Lakini kwenu bati la huyu limelalia bati la yule. Ukitazama kutoka juu, kutu imeungana na kutu, na kichochoro kimefunikwa.

Hilo linasahihishika. Kinachoniuma ni kile ambacho hata picha safi haikionyeshi: nyumba ya Kiswahili ina bati moja na familia tano. Mtu akipanga magati ya maji, shule na mitaro kwa kuhesabu mapaa, wapangaji wako wanne hawamo, na wao ndio wanaoondoka mikono mitupu nyumba inapovunjwa.

Tandale mnalijua hili kuliko wengi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walizunguka kwa miguu na vifaa vya GPS wakiandika vyoo, maji na njia. Baadaye Ramani Huria, mradi wa wakazi wa Dar kuchora ramani za mitaa yao ulioanza 2015, ukachanganya mashine na miguu: droni inapiga picha, mkazi anaonyesha mafuriko yalifika wapi. Sensa ya 2022 ilikuta Dar ina watu 5,383,728. Mji wa namna hiyo hauwezi kusubiri futikamba peke yake, na mimi naitaka mashine. Naitaka iende pamoja na miguu.

Kwa hiyo mwombeni mwenyekiti nakala ya mchoro. Wewe, jirani na mjumbe wa shina mkapime upana wa kichochoro, muandike idadi ya vyumba na familia, mpige picha alama ya tope ukutani. Pelekeni kwa barua kwa afisa mipango miji, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Usikubali kuondoka bila mhuri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wenye ardhi washirikishwe, na ardhi ikitwaliwa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Mkutano ukiitishwa njoo na wapangaji wako, hata kama hakuna aliyewaalika.

SWALI: Nimechaguliwa kusoma mipango miji. Kaka yangu anasema nitahitimu kompyuta zimeshamaliza kazi. Nibadilishe?
Kijana, Morogoro

JIBU: Usibadilishe. Jifunze QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani kwenye kompyuta, na Python kidogo, lugha ya kuandikia programu, ili mashine ikikosea ujue imekosea wapi. Halafu jifunze kukaa kwenye benchi la serikali ya mtaa na kusikiliza ugomvi wa mipaka hadi uishe, maana darasani hutafundishwa. Mafunzo kwa vitendo omba halmashauri inayofanya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi ambayo watu wameshajenga, usikimbilie ofisi inayogawa viwanja vilivyokwisha kupimwa.