Maswali ya Wasomaji: Modeli kwa Vitu vya Nyumbani

Najenga modeli ya nyumba kwa skeli ya 1:24 (milimita 1 ya modeli ni 24 za nyumba halisi). Mabati ya paa nayatengeneza kwa kopo la soda, lakini kila nikikandamiza migongo, bati linachanika au linarudi kuwa bapa. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

Achana na kopo, tafuta trei ya foili ya kubebea chakula. Aluminiamu ya kopo imekazwa kiwandani wakati wa kuvutwa iwe nyembamba, ndiyo maana haikubali kukunjwa. Ya trei ni laini. Kata sehemu bapa ya chini, ilaze juu ya kioo, isugue kwa mgongo wa kijiko mpaka mikunjo yote iishe.

Sasa tengeneza kalibu. Bati la kawaida lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Gawanya kwa 24 unapata 3.2. Vijiti vya mishikaki vyenye unene wa milimita 3 vinafaa kabisa. Pima kabla ya kubandika: vijiti kumi vikilazwa sambamba vifike milimita 30, na kilichopinda kiweke kando. Vibandike kwenye ubao kwa gundi ya mbao, vikigusana. Anayejenga kwa 1:35 atumie spoki za baiskeli, ambazo kwa kawaida zina milimita 2.

Laza foili juu ya kalibu. Kinachoichana ni mpangilio wa kukandamiza. Ukianza katikati, au ukiingia kutoka pande zote mbili, foili inabanwa na mifereji ya pembeni na haina pa kujivuta, basi inakatika. Anza na mfereji wa ukingoni, upitie wote, ndipo uhamie unaofuata, ukielekea upande mmoja tu hadi mwisho. Sehemu ambayo hujaifikia iachwe huru, usiishike kwa mkono.

Pita mara mbili. Mara ya kwanza tumia kijiti cha mshikaki. Hicho kinazama kama milimita 0.4 tu kati ya vijiti vya kalibu. Bati halisi lina kina cha takriban milimita 18, yaani 0.75 kwenye skeli yako. Kwa hiyo mara ya pili pitisha peni iliyokwisha wino ukiongozwa na rula, kwa mkono mwepesi, mipito miwili au mitatu kila mfereji. Kipande cha upana wa milimita 40 kitatoka na kama 35, na hapo umepata bati moja. Bati la mita 3 litakuwa na urefu wa milimita 125. Tafadhali usifunike paa zima kwa kipande kimoja. Mabati hupishana, la juu likilalia la chini, na mapishano hayo ndiyo yanayolifanya paa lionekane paa.

Kabla ya rangi, sugua kidogo kwa msasa namba 600, futa kwa spiriti, kisha paka praima (rangi ya msingi). Bila hivyo rangi itabanduka kama ngozi. Kutu ipake pale inapoanzia kwenye nyumba za kweli: matundu ya misumari, kingo zilizokatwa, na kwenye mapishano ambako maji hukaa. Msumari hupigwa juu ya mgongo, haupigwi mferejini.

Vioo vya gari langu la plastiki viligeuka vyeupe siku moja baada ya kuvibandika kwa supa gluu. Je, vinaokoleka?
*Msomaji, Mombasa*

Mvuke wa supa gluu hukutana na unyevu wa hewa, ukaganda juu ya kioo kama vumbi jeupe. Pwani, hewa ilivyo na unyevu, tatizo hili halikwepeki ukifunga gari kabla gundi haijakauka.

Ukungu ukiwa wa juu juu, sugua kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa laini chenye maji. Ukiwa mzito, anza na msasa wa maji namba 2000. Usipotoka, kata kioo kipya kutoka kwenye boksi angavu la keki. Upande bapa, maana ubavu wa chupa ya maji una mviringo ambao hautanyooka. Safari hii bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka inakuwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Putti ya kuziba nyufa ni ghali. Naweza kuyeyusha vikombe vya mtindi kwa asitoni nikapata putti yangu?
*Msomaji, Nairobi*

Inategemea kikombe. Seti nyingi za modeli (vipande vya plastiki vya kuunganisha vinavyouzwa kwenye boksi) ni polistirini, na putti ya namna hii hushika kwa sababu inayeyuka pamoja na modeli yenyewe. Tazama pembetatu chini ya kikombe: namba 6 ni polistirini, namba 5 ni polipropilini, ambayo asitoni haiiyeyushi hata ukikesha. Pasipo na namba, kata kipande kisicho na povu ndani, kizamishe kwenye maji kwa kidole, kiachie. Kikielea, kitupe. Kikizama, kidondoshee asitoni: kikianza kunata, kinafaa.

Hata hivyo, malighafi bora unayo tayari: fremu iliyoshika vipande vya seti. Ni plastiki ile ile ya modeli. Ikate vipande vya milimita 2 hadi 3, jaza theluthi ya chupa ya rangi ya kucha iliyosafishwa vizuri (ni ya kioo na ina brashi yake), kisha mimina gundi ya majimaji ya modeli mpaka ifunike. Acha usiku kucha, koroga. Ikiwa nzito mno, ongeza gundi.

Asitoni inaweza kushika nafasi ya gundi, lakini hukauka haraka mno na kuacha vitundu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji na mafuta, nayo huifanya plastiki iwe nyeupe na dhaifu. Vyovyote utakavyochagua, fungua dirisha, na pasiwe na jiko wala mshumaa chumbani.

Ufa wa zaidi ya milimita 1 uzibe kwanza kwa kibanzi cha plastiki, ndipo upake putti. Ukiujaza putti tupu, kimiminika kinanaswa ndani, kuta zinalainika, na baada ya wiki unaona bonde pale uliposawazisha. Usiguse kwa msasa kabla ya saa 24.

Kila nikipiga msasa, kona za modeli zinakuwa za mviringo.
*Msomaji, Dodoma*

Kidole ni laini, kinafuata kona. Bandika msasa wa maji kwenye vijiti vya aiskrimu: namba 400, 600 na 1000, kijiti kimoja kila namba. Vilaze juu ya kioo, uso wa msasa chini, weka kitabu kizito juu mpaka gundi ikauke, kisha punguza kingo kwa wembe. Tumia gundi isiyoyeyuka majini, kwa sababu utasugua kwa maji yenye tone la sabuni. Msasa mkavu huziba kwa unga, na joto lake hulainisha plastiki.

Kamba za jahazi langu la 1:50 zina manyoya.
*Msomaji, Zanzibar*

Umetumia uzi wa pamba. Chukua uzi wa poliesta wa cherehani, upitishe mara mbili kwenye nta ya nyuki, manyoya yatalala. Kwa henza, yaani kamba nene ya kupandishia tanga, sokota mwenyewe: funga mita 2 za uzi kwenye ndoano iliyoshikwa na keekee ya mkono, zungusha mpaka uzi uanze kujikunja ukiulegeza, ukunje katikati, uache ujisokote. Uzi ukifunguka badala ya kukaza, geuza upande wa kuzungusha.

Kupima unene, zungushia rula mara 20, mizunguko ikigusana. Ikichukua milimita 10, kamba ina milimita 0.5, sawa na 25 kwenye jahazi halisi. Matundu ya gofia (kapi za kupitishia kamba) yatoboe baada ya kipimo hicho.