Kamera Ikigoma, Uliza Kwanza Inagoma Saa Ngapi

Watu wengi hapa Mbeya wanaonipigia kuhusu kamera zao za ulinzi huanza kwa kunitajia aina ya kamera na bei waliyonunulia. Mimi huwauliza jambo lingine: inapotea saa ngapi? Usiku tu? Mvua ikinyesha? Umeme ukirudi? Au ni tangu mlipobadilisha ruta? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha ugonjwa ulipo, na mara nyingi haumo ndani ya kamera. Nimeona kamera nzima ikitupwa, mpya ikafungwa mahali palepale, na baada ya siku chache ikaanza tabia ileile. Inauma kuona fedha ya familia inakwenda hivyo, ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na zinazopotea usiku, maana hizo ndizo nyingi. Mama yangu mkubwa anaishi Tukuyu, na kamera yake ya getini ilikuwa hivyo. Aliniambia, "Mwanangu, mchana naona hadi kuku wa jirani, giza likiingia inalala." Kwa maneno hayo tu nilishajua pa kuanzia. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho unaoisaidia kuona gizani, na hapo matumizi yake ya umeme hupanda ghafla. Kama umeme unaofika ni hafifu, kamera huzima, hujiwasha, huwasha taa, huzima tena. Kwenye simu utaona tu kwamba "haipo hewani", nawe utadhani ni intaneti.

Na kwa nini umeme ulikuwa hafifu? Fundi alikuwa amechomeka adapta sebuleni, kisha akavuta waya mwembamba wa USB hadi getini. Kwa umeme wa volti 5, huo ni umbali mkubwa mno. Nyaya za ndani ya waya wa namna hiyo ni nyembamba, na kila mita hula kiasi chake cha volti, kwenda na kurudi. Kwenye mita 10, mchana kamera ikitumia umeme kidogo unaweza kupoteza karibu volti 1, nayo ikavumilia. Usiku matumizi yakiongezeka mara mbili, hasara nayo huongezeka mara mbili. Hakuna kamera ya volti 5 itakayosimama hapo.

Dawa yake ni kupeleka soketi karibu na kamera, ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, ili waya wa USB uwe mfupi. Kama huwezi, tafuta kamera ya volti 12, au ile inayopokea umeme na data kwa waya mmoja wa mtandao, yaani PoE. Hiyo hutumia takriban volti 48, ndiyo maana waya wake unaweza kufika mita 100 bila shida. Kwa nyumba yenye uwanja mkubwa, mimi napendekeza PoE hata kama gharama ya kuanzia ni kubwa. Na ukibadilisha adapta, usiangalie tundu tu kama linaingia. Soma volti, ambazo lazima zilingane na za kamera, kisha ampea, ambazo zinaweza kuzidi lakini zisipungue.

Zinazosumbua wakati wa mvua zina sababu nyingine, na huku kwetu, ambako mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, ni vyema ukazikagua mapema. Angalia maungio ya waya yanayoning'inia nyuma ya kamera. Ukikuta kutu ya kijani, maji yameshaingia. Yaweke ndani ya kiboksi, na waya uushushe chini kidogo kabla haujapanda kuingia humo, ili matone yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani.

Ukungu ni habari tofauti. Usiku wa ukungu, picha huwa nyeupe tupu kwa sababu mwanga wa infraredi unagonga vitone vya maji na kurudi kwenye lenzi. Kamera haijaharibika. Utando wa buibui na bati la paa lililo karibu mno hufanya vivyo hivyo. Futa lenzi, isogeze kamera mbali na ukingo wa bati, na kama mahali ni pa ukungu sana zima infraredi kabisa, uweke taa ya kawaida ya nje mita kadhaa pembeni ya kamera. Picha itatulia. Na kwa nyumba za Rungwe zilizozungukwa na migomba: simu ikikuletea taarifa usiku kucha, ni majani yanapepea. Ingia kwenye mipangilio, chora eneo la kukagua ili migomba ibaki nje, na uchague kutambua binadamu badala ya kila kinachosogea.

Kama tatizo lilianza ulipoleta ruta mpya, usihangaike na kamera. Kamera nyingi za Wi-Fi za nyumbani husoma masafa ya gigahezi 2.4 pekee, wakati ruta za sasa hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja. Tenganisha majina hayo wakati wa kuunganisha, au zima 5 kwa muda. Njia rahisi zaidi, ambayo mafundi wengi hawaitaji, ni kuipa ruta mpya jina na nywila zilezile za ruta ya zamani, herufi kwa herufi. Kamera, taa na swichi janja zote zitarudi zenyewe.

Kuhusu nguvu ya mawimbi, kuta za tofali za kuchoma na mapaa ya bati huyala sana. Programu nyingi za kamera huonyesha kipimo chake kwa namba hasi: -50 ni nzuri, -70 ni ya kubahatisha, na chini ya hapo tegemea picha kuganda. Ruta iliyojificha nyuma ya televisheni itoe hapo kabla hujanunua kifaa cha kuongeza mawimbi.

Sasa kuna zile ambazo kwenye programu yake kamera inaonekana vizuri, lakini kwenye mfumo wa nyumba janja, ule unaounganisha kamera, taa na swichi mahali pamoja, kuna kiboksi cheusi. Hizi ndizo zinazowachanganya hata mafundi. Uliza tena: ilianza lini? Kama ni baada ya umeme kukatika na kurudi, ninaishuku anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta huipa kila kifaa kwenye mtandao. Ruta ikiwaka upya inaweza kuipa kamera anwani nyingine, huku Home Assistant, mmojawapo wa mifumo hiyo ya nyumba janja, ikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, uitengee kamera anwani moja ya kudumu. Kama una uwezo, weka ruta na kifaa kinachoendesha mfumo kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, visizime umeme ukikatika kwa muda mfupi.

Kama haijawahi kuonekana kabisa, kagua kama RTSP au ONVIF, yaani njia za kamera kupeleka video kwenye mifumo mingine, imewashwa ndani ya programu ya kamera. Watengenezaji wengi huifunga tangu kiwandani, na wengine hutaka uiundie jina na nywila tofauti na za akaunti yako. Pima kwa kufungua anwani ya RTSP kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kompyuta ikiwa kwenye mtandao huohuo. VLC ikionyesha picha lakini mfumo hauonyeshi, badilisha mfinyazo wa video, yaani namna video inavyobanwa, kutoka H.265 kwenda H.264, kwani baadhi ya vivinjari husumbuka na H.265. Kwa wanaotumia Google Home au Alexa, ukibadilisha nywila ya akaunti ya kamera, mara nyingi kiungo hukatika. Kiondoe, uunganishe upya.

Wengine kamera huwapotea kila mwisho wa mwezi. Hapo ni bando. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula karibu MB 450 kwa saa, yaani zaidi ya GB 10 kwa siku ikitiririshwa mfululizo kwenda nje. Rekodi kwenye memori kadi, na uitume nje pale tu kunapotokea kitu.

Na kama upo Dar es Salaam unataka kuona nyumbani Iringa, usikubali fundi akufungulie milango ya mtandao (port) kwenye ruta ya laini ya simu. Kwanza, mara nyingi haitafanya kazi, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Pili, ikifanya kazi ni hatari: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka malaki ya kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Tumia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, kama WireGuard au Tailscale, na badilisha nywila iliyokuja na kamera leo hii.

Limebaki lile linalogundulika kwa kuchelewa kuliko yote. Kamera nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Umeme ukirudi bila intaneti, huanza kuhesabu upya, pengine kutoka mwaka 1970, na rekodi ya mwizi unayotaka kuipeleka polisi inakuwa na tarehe isiyoeleweka. Hakikisha ukanda wa saa ni GMT+3 na kamera inajirekebisha saa kwa mtandao. Memori kadi nazo, nunua zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi muda wote, na uzifomati ndani ya kamera yenyewe. Zipo za bandia sokoni zilizoandikwa GB 128 wakati uwezo wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hapo, nazo hukubali kurekodi bila kulalamika huku video zikiharibika. Kwa hiyo usitosheke na kuona picha ya moja kwa moja. Mara kwa mara fungua rekodi ya usiku wa wiki iliyopita, icheze hadi mwisho, na usome tarehe iliyoandikwa pembeni.