Katikati ya galaksi, au kati ya galaksi?

SWALI: Mwanafunzi wangu wa Gredi ya Tisa hapa Kisumu aliandika kwenye insha: "Mtu akisimama katikati ya galaksi ataona giza totoro." Nilimkata alama kwa "totoro", nikidhani ni urembo tu. Mwenzangu wa sayansi anashikilia kwamba kosa liko kwenye "katikati". Tuamulie.

JIBU: Mwalimu, mrudishie mtoto alama yake. Totoro ni la giza kama pe ilivyo ya nyeupe. Mwenzako ameshinda.

Panda matatu ya Ahero. Ukimwambia makanga akushushe katikati ya Kisumu, utashukia mjini, karibu na Soko la Jubilee. Ukisema kati ya Kisumu na Ahero, pengine atakuacha Rabuor. Katikati ya kitu kimoja ni kitovuni mwake. Vikiwa viwili, "katikati" nayo hupita: katikati ya nyumba mbili. Kilichomponza mtoto ni ngeli ya I-ZI: galaksi moja, galaksi elfu, neno halibadiliki. Angeandika "katikati ya milima" tungejua ni mingi. Hapa wengi watasikia galaksi moja.

Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, na kitovuni mwa galaksi kama yetu, miaka nuru 26,000 hivi kutoka tulipo (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), nyota zimesongamana. Giza totoro ulitafute kwingine. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena wakishawasha taa zao ziwani, aliye ufuoni Dunga hudhani kuna mji kule majini. Mtumbwi uliozungukwa na taa hizo uko katikati. Mtumbwi ulio peke yake baina ya kundi moja la taa na jingine, huo ndio aliotaka kuueleza mwanafunzi wako.

Nyota zote tunazoziona mojamoja kwa macho matupu, Kilimia kikiwemo, ni za galaksi yetu hii. Ukitoka nje yake umeziacha zote. Andromeda, galaksi jirani yetu, iko umbali wa miaka nuru milioni 2.5; ukiwa nusu ya njia, jicho lingeambulia madoa machache ya ukungu, yake na yetu yakiwemo, bila nyota hata moja ya kuhesabu. Wala kulisogelea doa hakulifanyi liwake kama taa: linatanuka tu, na mwanga wake unatandazwa eneo kubwa zaidi. Kwenye mapengo makubwa yasiyo na galaksi, hata madoa hayo jicho haliyapati.

Kuna na "akisimama". Asimame juu ya nini? Tena, kwa kuwa hakuna atakayefika huko, -nge- ingefaa kuliko -ki-. Mimi ningeandika: "Mtu angeelea kati ya galaksi moja na nyingine, angeona giza totoro." Kwa aliye jirani na Andromeda ningetaka "giza lenye madoa", ila hapo nakuwa mkali kuliko mtahini.