Ukuta umetoa tumbo, lipu inaloa: nyumba ya miaka ya 1820 London

SWALI: Salaam, mhandisi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya safu kaskazini mwa London, ya miaka ya 1820, imeorodheshwa daraja la II, yaani inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Kila ghorofa ina madirisha mawili mbele. Chumba cha juu kabisa, lipu iliyo kati ya madirisha hayo inaloa na kumomonyoka, na kwa nje ukuta umetoa tumbo kidogo. Fundi anasema paa ni bapa na halina shida. Tujaze saruji kwenye viungo vya matofali, na hapohapo tuweke madirisha ya plastiki. Tumkubalie?

JIBU: Dada, msimkubalie, na kwanza mwulizeni kama amepanda juu.

Zungukeni nyuma ya nyumba mtazame. Kwa mbele ukuta umeishia kwenye mstari ulionyooka, ndiyo maana fundi anaona paa bapa. Kwa nyuma huenda mkakuta ukingo umekatwa kama herufi V. Hilo ndilo paa la nyumba nyingi ndogo za London za wakati ule: miteremko miwili inayoanzia kwenye kuta mnazochangia na majirani na kukutana katikati, juu ya boriti inayotoka mbele hadi nyuma. Juu ya boriti kuna mfereji uliotandikwa mabamba ya risasi, ile metali laini, unaomwaga maji nyuma. Sheria ya 1707 ilikuwa imepiga marufuku mbao zilizotokeza kwenye kingo za mapaa kwa kuogopa moto. Ukuta ukapandishwa juu, na kuficha paa kukawa fasheni.

Sasa fikirini: nyumba ina madirisha mawili, na kichwa cha boriti kinaingia ukutani katikati yake. Hapohapo lipu yenu inapoloa. Majani yakiziba mfereji au risasi ikipasuka, maji huteremkia kichwa hicho kilichozikwa ndani ya tofali, na mbao huoza bila mtu kujua. Sijaiona nyumba, lakini mimi ningeanza kutafuta hapo.

Tumbo la ukuta laweza kuwa na chanzo kingine. Tazameni kozi moja ya matofali: ubavu (upande mrefu wa tofali), kichwa (upande mfupi), ubavu, kichwa. Vichwa hivyo kazi yake ni kupenya ndani na kufunga ngozi ya nje na matofali ya nyuma yake. Ila nyumba hizi nyingi zilijengwa na wakandarasi wadogo waliokuwa wakibahatisha soko, kwenye ardhi ya kupanga, na tofali zuri la usoni lilikuwa ghali. Kodi ya matofali ilikuwepo tangu 1784. Basi fundi wa enzi hizo alikata tofali moja katikati akapata vichwa viwili. Ukiwa barabarani humkamati! Ngozi ya nje, unene wa nusu tofali tu, ikabaki imeshikwa na vichwa vichache vya kweli. Ndani ya ukuta walilaza pia mbao ndefu, nazo zikioza, ukuta hukaa vibaya. Mpateni mhandisi wa miundo aliyezoea majengo ya kale apime. Mara nyingi ngozi hufungwa upya kwa vyuma visivyoshika kutu, bila kubomoa.

Saruji hapana kabisa. Tofali la enzi hizo ni laini na limejengwa kwa chokaa. Unyevu ukiingia ukutani hutoka kupitia viungo. Mkiviziba kwa saruji, unyevu utatoka kupitia tofali lenyewe, na ukiganda wakati wa baridi uso wa tofali utabanduka. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe anajua saruji ilivyozifanya kuta za mawe na chokaa. Kule kilichokosekana ni barafu tu. Jazeni kwa chokaa na mchanga, pale palipoliwa tu.

Madirisha ya plastiki msiyaombe, mtakataliwa. Sheria ya 1709 ilitaka fremu zirudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta, na ile ya 1774 ikataka sanduku la kamba na uzito unaopandisha na kushusha dirisha lifichwe nyuma ya tofali. Ndiyo maana mbao mnazoziona nje ni nyembamba vile. Plastiki haiwezi wembamba huo. Tengenezeni zilizopo, zibeni mianya ya upepo, na ombeni kibali cha kioo cha pili kwa ndani.

Ulinzi hauishii usoni. Ngazi, lipu na milango ya ndani vimo pia. Kubadilisha kinachogusa hadhi ya nyumba bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na amri ya kurudisha kilichoondolewa haina ukomo wa muda. Humfuata hata aliyenunua baadaye. Kwa hiyo chunguzeni pia kazi za mwenye nyumba aliyewatangulia.

Wiki hii safisheni mfereji, mfungue kidogo lipu ile iliyokwisha kumomonyoka, mchome boriti kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye keki, wekeni nguzo za muda chini yake kabla ya jambo jingine lolote.