Barua kwa mwanangu: boti ya mumeo na kampuni yenu

Mwanangu mpendwa,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza mambo mawili. Kampuni yenu ya nyumba ya wageni hapo Shela inataka boti ya kuchukua wageni kutoka uwanja wa ndege wa Manda, na mumeo ana boti iliyokaa bure. Wewe ni mkurugenzi na meneja, una hisa 30 katika 100. Binamu yako, mkurugenzi wa pili, ana 30, na mshirika wenu Mmarekani ana 40. Je, ni makosa kuikodi? La pili: je, ni kweli kama asemavyo huyo Mmarekani kwamba mkataba unaweza kuwaondolea wakurugenzi wajibu wote wa uaminifu, yaani wajibu wa kutanguliza maslahi ya kampuni kuliko yao?

Kuikodi si makosa. Makosa ni kuikodi kwanza, halafu wenzako waje wajue baadaye boti ni ya nani. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake kwa wakurugenzi wenzake kabla kampuni haijafunga mkataba, yawe maslahi ya moja kwa moja au ya kupitia mtu mwingine. Mapato ya mumeo yanakugusa, hata kama jina lako halimo kwenye hati yoyote ya boti.

Utangaze aina ya maslahi na ukubwa wake. "Nina uhusiano na mwenye boti" haitoshi. Andika hivi: "Boti inayopendekezwa ni mali ya mume wangu peke yake. Atalipwa kiasi fulani kwa kila safari. Mafuta na mshahara wa nahodha ni juu yake, bima ni juu ya kampuni." Weka tarehe, tia saini, na uhakikishe tangazo hilo limeingia katika kumbukumbu za kikao. Utaniambia Lamu nzima inajua ile boti ni ya nani. Ni kweli, na sheria haikulazimishi kutangaza jambo ambalo wenzako tayari wanalijua. Lakini siku mkigombana, binamu yako atasema hakujua, nawe utabaki kutafuta mashahidi.

Pamoja na tangazo, peleka bei za wenye boti wengine wawili au watatu kwa safari ileile. Kisha usome katiba ya kampuni. Nyingi husema mkurugenzi mwenye maslahi hapigi kura wala hahesabiwi katika akidi, yaani idadi ya chini inayohitajika ili kikao kiwe halali. Ninyi ni wakurugenzi wawili tu: ukitoka wewe, binamu yako peke yake huenda asitimize akidi. Hapo ndipo wengi hukwama, wakaamua "kusaini tu". Msisaini. Lipelekeni jambo kwa wanahisa, mshirika wenu naye akiwemo, lipitishwe kwa azimio la maandishi.

Usijitetee kwamba kampuni haikupata hasara. Mwaka 1942, katika kesi ya Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver, majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliwaamuru wakurugenzi warudishe faida ingawa walitenda kwa nia njema. Kampuni yao ilitaka kupata sinema mbili zaidi kupitia kampuni tanzu, yaani kampuni ndogo iliyo chini yake; ilihitajika mtaji wa pauni 5,000, nayo ikaweza 2,000 tu. Wakurugenzi wakanunua wenyewe sehemu ya hisa zilizobaki, zikaja kuuzwa kwa faida. Kampuni isingeweza kuzinunua, lakini nafasi ile waliipata kwa sababu ya vyeo vyao, nao hawakuwa wameomba idhini ya wanahisa. Sheria yetu ya 2015 yenyewe inasema wajibu wa wakurugenzi utafsiriwe kwa kufuata kanuni za kesi za zamani kama hiyo. Kwa hiyo hata muuzaji wa sola wa kampuni akikupa kamisheni ndogo, usiipokee. Mwambie aipunguze kwenye bei ya kampuni.

Tenganisha pia kofia zako. Ukipiga kura kama mwanahisa, kwa kawaida unaruhusiwa kutazama faida yako. Ukikaa kama mkurugenzi, bosi wako ni kampuni, si mimi, si mumeo, wala si ami yako aliyekukopesha mtaji. Na kwa kuwa umesomea uhasibu, utapimwa kwa ujuzi wa mhasibu. Wewe utadaiwa zaidi ya binamu yako.

Sasa huyo Mmarekani. Hadanganyi, ila anazungumzia sheria ya kwao. Katika jimbo la Delaware, mkataba wa wanachama wa kampuni za LLC (aina ya kampuni ambayo wenyewe hawadaiwi madeni yake) unaweza kupunguza au hata kufuta wajibu wa uaminifu wa mameneja na wanachama. Kisichofutika ni ule wajibu wa kutekeleza mkataba kwa nia njema na haki. Wajibu wa uaminifu usipofutwa waziwazi, unabaki, na sheria yao ilirekebishwa mwaka 2013 kulithibitisha hilo. Kampuni yenu imesajiliwa Kenya. Hapa, kifungu cha katiba kinachomkinga mkurugenzi asiwajibike kwa uzembe au kuvunja uaminifu ni batili. Kampuni inaweza kumkatia bima, na wanahisa wanaweza kuridhia kitendo fulani baada ya kuelezwa ukweli wote.

Kuna moja hukuuliza. Msimu wa kusi wageni hupungua na madeni huongezeka. Kampuni ikikaribia kushindwa kulipa, lazima muangalie na maslahi ya wadai. Kupokea malipo ya awali ya wageni wa Desemba huku mkijua nyumba haitafunguliwa kunaweza kuonekana ni ulaghai, na mahakama ikawatoza ninyi wenyewe, kutoka mifukoni mwenu.

Rasimu ya mkataba wa boti nitumie kabla ya kikao, pamoja na ukurasa wa katiba unaotaja akidi.

Mzazi wako